Mgonjwa wa Saratani Asiachwe na Mawazo Yake



Tukisikia neno saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa, mara moja hufikiri juu ya uvimbe, kidonda kisichopona, au damu inayotoka pasipo wakati wake. Ni kweli. Lakini ugonjwa huu una upande mwingine ambao hauonekani kwa macho wala kwa mashine ya picha. Upande huo ni hofu inayomshika mgonjwa usiku, na huzuni nzito inayomfanya asitake tena kula, kuongea wala kuendelea na matibabu. Leo tutazungumza juu ya upande huo, kwa sababu hapa kwetu wapo wagonjwa ambao wangeweza kutibiwa, lakini huacha dawa katikati ya safari, na watu wa nyumbani hawajui kilichowakuta.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Segese, umri wake miaka hamsini hivi, alianza kutokwa damu ingawa siku zake zilikwisha koma. Zahanati ikampeleka Kahama, na Kahama wakampeleka Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Huko akaambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba anaweza kutibiwa kwa mionzi kwa wiki kadhaa mfululizo. Akaanza. Baada ya wiki mbili akaomba ruhusa arudi nyumbani kuona watoto, na hakurudi tena Mwanza. Majirani wakiuliza, wanajibiwa kuwa nauli imekwisha.

Nauli ni tatizo la kweli, na hatutaki kulipuuza. Lakini katika mfano wetu mbuzi wangeweza kuuzwa, na kikundi cha akina mama kilikuwa tayari kuchanga. Kilichomzuia mama huyu ni kwamba asubuhi hawezi kuinuka kitandani. Analala akitazama ukuta. Mjukuu akija kumchezea, hamwoni. Akiulizwa safari, anajibu neno moja tu: "Niacheni." Watu wa nyumbani wanadhani ni saratani inayommaliza. Kumbe mama huyu ana magonjwa mawili, na huo wa pili ndio uliomfungia mlango wa kuutibu wa kwanza. Mionzi ya mlango wa kizazi ikikatwa katikati, nafasi ya kupona hupungua. Kwa hiyo huzuni yake si jambo la kusema "itapita".

UGONJWA HUO NI UPI?

Ugonjwa huo wa pili huitwa sonona. Neno lenyewe tunalijua, maana mtu mwenye uchungu mkubwa moyoni tunasema amesononeka. Waganga wa siku hizi wamelichukua neno hilo kuwa jina la ugonjwa wa huzuni iliyozidi, inayokaa kila siku kwa wiki mbili au zaidi na kumzuia mtu kufanya shughuli zake. Vijijini watu husema tu "ana mawazo". Si vibaya kusema hivyo, ili mradi tukumbuke kwamba mawazo ya namna hii ni ugonjwa, na una dawa.

Ndugu yake sonona ni wasiwasi. Mtu mwenye wasiwasi uliozidi moyo humwenda mbio, jasho humtoka bila joto, tumbo hukoroga, na usingizi hukataa. Kila maumivu madogo anayafikiri kuwa saratani imehamia mahali pengine. Siku ya kliniki ikikaribia, anaweza kuugua tumbo siku tatu kabla.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Si kila mgonjwa anayelia ana sonona. Mtu aliyeambiwa leo kwamba ana saratani, akilia, akikosa usingizi siku kadhaa, akikasirika, huyo anafanya linalofanywa na binadamu. Hofu hiyo hata ina faida, maana ndiyo inayomsukuma kwenda hospitali. Hatari huanza pale hofu inapokataa kuondoka, au pale inapomfanya mtu aikimbie hospitali badala ya kuiendea.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya pamoja tafiti nyingi zilizofanywa kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa hospitalini, ulikuta kwamba watatu hadi wanne katika kila wagonjwa kumi wana tatizo la namna hii, likiwa dogo au kubwa. Nayo saratani si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani, kwa njia ya chombo chake cha uchunguzi wa saratani, linakadiria kuwa zaidi ya Watanzania 40,000 hupata saratani mpya kila mwaka. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwamba watu wetu wengi sana wanaubeba mzigo huu, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote: "Na moyoni, unaendeleaje?"

NAMNA YA KUITAMBUA

Kumtambua mgonjwa wa saratani mwenye sonona kuna ugumu wake. Kwa kawaida mtu mwenye sonona hupungua mwili, hukosa hamu ya chakula, huchoka na hukosa usingizi. Lakini saratani yenyewe huleta mambo hayo hayo, na dawa zake pia. Upungufu wa damu humchosha mgonjwa hata kama moyo wake ni mzima. Kwa hiyo usitazame mwili tu. Sikiliza anayoyasema na tazama anayoyaacha.

Mgonjwa aliyechoka kwa ugonjwa tu bado atatabasamu mwanawe akirudi kutoka shule. Atauliza kama mahindi yamepaliliwa. Atataka redio iwekwe karibu asikie taarifa ya habari. Mgonjwa mwenye sonona hana haja na hayo. Chakula alichokipenda hakimvuti, wageni wanamchosha, na nyimbo za kanisani au kaswida alizoziimba tangu utoto hazimgusi. Tena hujilaumu. Anasema yeye ni mzigo, anawamalizia watoto ng'ombe, afadhali asingezaliwa. Maneno hayo ya kujilaumu na kukata tamaa ndiyo alama kubwa kuliko kukonda.

Yapo maswali mawili ambayo waganga duniani kote huanza nayo, na hata wewe unaweza kuyauliza kwa upole. La kwanza: kwa wiki mbili hizi zilizopita, je, umekosa hamu na furaha katika mambo uliyozoea kuyapenda? La pili: je, siku nyingi umejisikia mwenye huzuni, au kuona kwamba mbele hakuna tumaini? Akijibu ndiyo kwa moja tu kati ya hayo, mpeleke kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya, na umweleze mganga hivyo hivyo. Usiseme tu "amedhoofika", kwa sababu mganga akisikia hivyo atatafuta malaria na kumpa dawa ya kuongeza damu.

"NI NANI KANIFANYIA?"

Katika mikoa yetu ya Shinyanga, Geita na Mwanza, mtu akiugua kwa muda mrefu swali linaloulizwa nyumbani mara nyingi si "Ni ugonjwa gani?" bali "Ni nani?" Tunajua swali hilo lilitufikisha wapi. Tangu miaka ya 1970 akina bibi wengi wa Usukuma waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa yamewekundishwa na moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, katika miaka mingi ya kuwapikia wajukuu. Hatuwezi kuzungumza juu ya hofu ya mgonjwa bila kulitaja jambo hili, kwa sababu swali la "ni nani" humwongezea mgonjwa hofu badala ya kumpunguzia. Mtu anayeamini kuwa adui yake ni jirani, atalalaje usingizi? Atakipokeaje kikombe cha uji kutoka kwa mke wa kaka yake?

Na asipomlaumu jirani, hujilaumu mwenyewe. "Nimekosa nini? Ni laana ya nani?" Wengine hufikiri ni adhabu ya Mungu. Akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi hubeba aibu zaidi, maana wapo waume wanaosema maneno makali nyumbani.

Basi yafaa tujue saratani inatoka wapi, kadiri inavyojulikana. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho huenezwa kwa kujamiiana, lakini ni cha kawaida mno, hata watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani, na kwa wengi hutoka chenyewe. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka kumi, kumi na tano au zaidi huleta saratani. Kwa hiyo mwanamke aliyetulia katika ndoa yake maisha yote anaweza kuugua, na hakuna awezaye kusoma tabia ya mtu katika ugonjwa wake. Ndiyo sababu tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wanachanjwa, na tangu mwaka 2024 chanjo hiyo hutolewa mara moja tu kwa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14.

Saratani ya kibofu cha mkojo katika sehemu zetu ina uhusiano na kichocho, ugonjwa tunaoupata kwa kuingia katika majaruba ya mpunga, mabwawa na mito yenye konokono. Mayai ya mdudu wa kichocho hukaa katika ukuta wa kibofu kwa miaka, yakiuchubua. Saratani ya ini hutokana mara nyingi na homa ya ini ya aina B, na pia sumukuvu iliyomo katika mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua upesi huenda ana ugonjwa ulioelezwa na daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958. Ugonjwa huo hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na husikia dawa vizuri sana ukiwahiwa. Mchimbaji anayevuta vumbi la mawe miaka mingi, kwenye duara au kwenye karasha, anaweza kupata ugonjwa wa mapafu na hata saratani yake. Ziko saratani nyingine ambazo chanzo chake hakijulikani. Ni bahati mbaya tu ya mwili, kama vile nazi moja kati ya nyingi inavyooza bila mtu kuitia mkono.

Mweleze mgonjwa mambo haya. Wapo watu waliosema kwamba kitu cha kwanza kilichowapunguzia uzito moyoni kilikuwa kujua kwamba hawakurogwa wala hawakukosa.

KUMFICHA MGONJWA

Jambo jingine tunalolifanya kwa upendo, lakini linaloumiza, ni kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Mara nyingi ndugu humvuta daktari pembeni na kumwomba: "Daktari, usimwambie mzee, atakufa kwa hofu." Kisha wote wanaingia chumbani na nyuso za kuchekacheka. Mzee si mtoto. Anaona watu wakinong'ona ukumbini. Anaona mwanawe aliyeko Dar es Salaam amekuja ghafula bila sikukuu. Anaona amewekwa katika wodi ambayo jirani zake wote wana vidonda vya namna moja. Anajua, ila hana wa kumwuliza, kwa sababu naye anaogopa kuwavunja moyo watoto. Hivyo nyumba nzima inajua jambo moja, na kila mtu yuko peke yake nalo.

Hatusemi mtu abebeshwe habari yote kwa siku moja, kama gunia. Njia nzuri ni kumwuliza mwenyewe anataka kujua nini. "Baba, wewe unaonaje ugonjwa huu? Ungependa daktari akueleze wewe mwenyewe, au atueleze sisi kwanza?" Wengine watasema waambiwe kila kitu. Wengine watasema, "Zungumzeni na mke wangu." Yote mawili ni haki yao. Lakini asidanganywe. Mtu aliyedanganywa kwamba ana vidonda vya tumbo hataelewa kwa nini nywele zinatoka baada ya dripu, na siku atakapojua hatawaamini tena ninyi wala daktari.

Wagonjwa wetu wengine wazee hawajui Kiswahili vizuri. Bibi aliyezoea Kisukuma tangu kuzaliwa huenda akaelezwa habari za mionzi kwa Kiswahili cha haraka, akaitikia "ndiyo" kwa heshima, na asielewe hata nusu. Kabla ya kuwapo tiba ya mionzi Bugando, wagonjwa wa kwetu waliohitaji tiba hiyo walisafirishwa mpaka Dar es Salaam, safari ya karibu kilometa 1,000 kutoka Kahama. Walikwenda Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi ya saratani ya kujitegemea mwaka 1996. Wako wanaopelekwa huko hata leo. Fikiri bibi huyo yuko huko wiki sita, haoni wa kuongea naye lugha yake. Yafaa ndugu anayemsindikiza awe mtu anayeweza kutafsiri bila haya, na amwombe daktari arudie. Kumwomba daktari arudie si utovu wa adabu.

MAUMIVU KWANZA

Kuna mgonjwa ambaye ana huzuni kwa sababu anaumia tu. Mtu asiyelala kwa maumivu usiku tano mfululizo, hata akiwa shujaa, atatamani kufa. Huyo ukimhubiria matumaini unampotezea wakati. Apewe dawa ya maumivu kwanza, kisha uone huzuni inabaki kiasi gani.

Kwa maumivu makali ya saratani iko dawa iitwayo mofini, ya maji, ya kunywa. Wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa afya, huiogopa. Wanasema ni dawa ya kufisha, au ya kumfanya mtu awe mlevi wa dawa. Sivyo. Mgonjwa wa saratani akipewa kipimo alichoandikiwa, kwa saa zilizopangwa, hapati ulevi huo, na dawa haimwui. Itamletea usingizi siku za mwanzo na choo kigumu, na choo hicho kina dawa yake. Wenzetu wa Uganda walitangulia katika jambo hili. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Kampala huduma ya kuwapa wagonjwa mofini ya maji wakiwa nyumbani kwao, na baadaye sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hapa nchini huduma ya namna hiyo huitwa tiba shufaa. Ukiwa Bugando au Ocean Road, uliza kwa jina hilo. Usingoje mpaka mgonjwa awe wa mwisho.

MAZUNGUMZO YANAYOTIBU

Mtaniuliza, sisi wa kijijini tufanye nini, na daktari wa akili yuko mbali? Nitajibu kwa habari ya Zimbabwe. Huko daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alianza kazi mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hakuwa na madaktari wenzake wa kutosha wala chumba cha kutibia. Alichopewa ni wahudumu wa afya wa mtaa, akina bibi, watu wazima wenye heshima. Akawafundisha namna ya kusikiliza na namna ya kumsaidia mtu kuchambua tatizo lake. Akawawekea benchi nje ya zahanati, chini ya mti. Mgonjwa huja, hukaa na bibi, huzungumza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita watu walioketi katika mabenchi hayo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma za kawaida. Washona wana neno lao la ugonjwa huu, "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi. Mtu wa Segese anayesema "nina mawazo" na mtu wa Mbare wanasema jambo lile lile.

Akina bibi hao hawatoi mahubiri. Wanamsaidia mgonjwa kuyataja matatizo yake yote, kisha achague moja, lile linaloweza kuguswa wiki hii. Wakutanapo tena wanaulizana limefika wapi. Mgonjwa wa saratani hawezi kuondoa saratani yake kwa wiki moja, lakini anaweza kujua nani atalisha ng'ombe akiwa Mwanza. Tatizo moja likitatuliwa, mtu huona kwamba mkono wake bado una nguvu.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Sikiliza jirani huyu aliyekuja asubuhi kwa mama wa mfano wetu:

"Mwangaluka, mayu. Umelalaje?"

"Nimelala."

"Umelala, au ubavu tu ndio uliolala?"

"Ubavu umelala. Macho hayakulala."

"Usiku huo ulikuwa unawaza nini, mayu?"

Hapo jirani akanyamaza. Hakujibu kwa niaba yake. Mama akakaa kimya kitambo, kisha akasema hofu yake si kufa. Hofu yake ni yule binti wa mwisho, aliye darasa la sita, kwamba akiondoka kwenda mionzi ataozwa. Hilo halikuwa limesemwa mbele ya mtu yeyote, na ni jambo ambalo shangazi, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji wanaweza kulishughulikia kabla ya Ijumaa. Kama jirani angeanza na "Usiwaze mayu, Mungu atakuponya," mama angeitikia "Amina," na mazungumzo yangeishia hapo. Sala ni njema, na wagonjwa wengi huziegemea. Zije tu baada ya kumsikiliza.

Zaidi ya kuzungumza, mpe mgonjwa kazi ndogo inayolingana na nguvu zake: kuchambua mchele, kukaa nje kivulini akitazama kuku, kumsomea mjukuu. Asilazwe chumba cha giza mchana kutwa. Kutembea hatua chache jioni husaidia usingizi na hamu ya kula.

DAWA ZA SONONA

Mazungumzo yasipotosha, ziko dawa, kama amitriptilini na fluoksetini. Watu wakisikia dawa za akili hufikiri Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, na kusema, "Mama yangu si kichaa." Dawa hizi hazimaanishi ukichaa. Kitu muhimu cha kukumbuka ni kwamba hazifanyi kazi kwa siku moja kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki mbili hadi sita. Wengi huziacha siku ya tano wakisema hazina nguvu. Tena zisikatwe ghafula, na daktari aambiwe dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za mitishamba, kwa sababu baadhi hazipatani.

Usinunue dukani vidonge vya usingizi ukampa mgonjwa kila usiku. Mwili huvizoea, na kuviacha ni taabu. Gongo ni mbaya zaidi. Inampa usingizi wa saa mbili na kumwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni mara mbili.

Ndugu wachimbaji wana jambo lao la peke yao. Anayechoma dhahabu yenye zebaki huvuta moshi wa zebaki, na moshi huo huharibu mishipa ya fahamu. Humletea mtu kutetemeka mikono, hasira, woga, kukosa usingizi na huzuni. Basi mgonjwa aliyewahi kufanya kazi hiyo amwambie daktari, hata asipoulizwa, na familia iache kabisa kuchomea dhahabu ndani ya nyumba anamolala mgonjwa.

AKISEMA ANATAKA KUFA

Akisema hivyo, usimkemee, na usifanye mzaha. Mwulize wazi wazi kama amefikiri kujiua na kama amepanga namna ya kufanya. Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Imekwisha thibitishwa kwamba haimpi. Mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa hatimaye ametamka. Asiachwe peke yake, hata usiku. Dawa za pamba, sumu nyingine za shamba na zile za machimboni, pamoja na akiba ya vidonge vyake mwenyewe, vifungiwe kwa ufunguo katika nyumba nyingine. Apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho tumtaje anayeuguza. Mara nyingi ni mke, binti au mkwe. Huyo naye halali, hali vizuri, shamba lake limeota majani, na hakuna anayemuuliza habari. Sonona humpata yeye pia. Akianza kumfokea mgonjwa bila sababu, jueni amechoka. Mpokeeni kazi siku moja katika juma, aende sokoni, aende kwao, au alale tu.

KWA WANAOSOMA GAZETI HILI PAMOJA

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kuzungumza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani. Kikundi chenu kinaweza kukaa hivyo hivyo juu ya makala hii. Zungumzeni haya. Je, kuna mtu hapa kwetu aliyeacha matibabu ya saratani katikati, na ni nani anayeheshimiwa naye kiasi cha kwenda kumsikiliza bila kumgombeza? Zahanati yetu ina mtumishi aliyefundishwa kuuliza habari za sonona, na kama hayupo, aliye karibu ni wa kituo gani? Na katika kitongoji chetu, ni nani anayemuuguza mgonjwa wa saratani peke yake, na ni siku gani ya juma hili mtu mwingine anaweza kumpokea?